Ziwa la Dagaa

Mwaka 1997, katika chumba cha uani huko Gungu, watu watatu tulitengeneza filamu fupi ya vikaragosi vya udongo. Inasimulia habari za meli ya Liemba, na inakwenda dakika saba na ushee. Vijana wa Kigoma wanaojaribu katuni kwa simu zao wameiona, na huniuliza ni mzungu gani alitufundisha. Nimewajibu mara nyingi kwa maneno mafupi, nikiwa dukani na wateja wananisubiri. Jibu lenyewe si fupi. Fundi mkubwa wa filamu ile alikuwa mama mfinyanzi aliyekuwa akiuza vyungu soko la Gungu, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Nataka paandikwe hapa.

Wakati huo nilikuwa kijana wa studio ya picha pale Mwanga. Kazi yangu ilikuwa picha za pasipoti, picha za harusi, na picha za watoto waliopakwa poda wakashikishwa simu ya mezani isiyo na waya. Tajiri wangu alikuwa ameachiwa kamera ya sinema, Super 8, na mtafiti wa samaki aliyemaliza mkataba akarudi Ulaya. Pamoja nayo kulikuwa na kaseti tatu za Kodachrome ambazo hazijafunguliwa, na bahasha za kuzirudishia kiwandani zikasafishwe, maana gharama ya kusafisha ilikuwa imekwisha kulipwa ndani ya bei. Tajiri hakuona faida yake. Kamera za video zilikwisha kuingia kwenye harusi, nani angelipia sinema ya dakika tatu isiyo na sauti? Akaniruhusu niichukue.

Oktoba 1996 vita vya Kongo vilifika Uvira, upande wa pili wa ziwa. Kwa wiki nyingi maboti na mitumbwi vilishusha watu kwenye fukwe zetu, na wengi wakapelekwa kambini, Nyarugusu kule Kasulu, na baadaye Lugufu. Waliokuwa na jamaa Ujiji au mjini walijibanza kwa jamaa zao. Ndivyo alivyofika Gungu kijana mmoja wa Uvira, akapokewa na shangazi yake, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa amesomea sanaa Kinshasa. Alikuja na begi moja, na ndani ya begi mlikuwa na visu vidogo vya kuchongea, vimefungwa kwenye kitambaa kwa uangalifu kuliko nguo zake.

Huyo ndiye aliyenieleza kwamba mtu wa kwetu anaweza kutengeneza sinema kwa kusogeza vitu kwa mkono. Kinshasa alikuwa ameziona filamu za Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Lubefu huko Kasai, ambaye mwaka 1988 alianzisha studio yake, Malembe Maa. Mwaka 1991 Kibushi alitoa filamu ya chura aliyekwenda ukweni, ngano ya Watetela. Iliyofuata, mwaka 1992, ilihusu Septemba ya 1991, askari walipoasi na jiji la Kinshasa likaporwa, nayo aliijenga kwa michoro ya watoto walioyaona mambo yale kwa macho yao. Rafiki yangu alikuwa Kinshasa siku hizo za uporaji. Alisema alipoiona michoro ile ikitembea ukutani alielewa kwa mara ya kwanza kitu alichokuwa amekiona barabarani. Sikumwelewa sawasawa. Nilimwonyesha kamera. Aliigeuzageuza, akatafuta tundu la kuchomekea waya wa kufyatulia picha moja moja, akalipata, akakaa kimya kwa muda.

“Kaka,” akasema, “hii inatosha.”

Kuhusu meli hatukubishana. Liemba ilikuwa pale bandarini, na kila mtu wa Kigoma ana jambo lake juu yake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen, kisha ikafunguliwa tena vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa meli nyingine mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko ikaletwa kwa reli. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Hapo meli ikaunganishwa upya, ikashushwa majini Februari 1915. Julai 1916, Waingereza na Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito ili maji yasizile. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kwa kazi ya picha moja moja, hadithi ya kitu kinachounganishwa kipande kwa kipande ilikuwa imekuja na umbo lake tayari.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, kwa sababu waliozoea simu hawajui tulivyobanwa. Kaseti moja ya Super 8 ina picha 3,600. Kwa mwendo wa picha kumi na nane kwa sekunde, hizo ni dakika tatu na sekunde ishirini. Sisi tulipiga kila mkao mara mbili, hivyo kikaragosi kilisogezwa mara tisa kwa kila sekunde moja ya sinema. Mtu wa udongo akitembea kutoka upande huu wa ubao hadi ule, usiku mzima umekwisha. Na hukuwa na namna ya kutazama ulichokifanya. Picha ilikuwa imefungwa ndani ya kaseti mpaka iende Ulaya na kurudi. Ulifanya kazi kwa kumbukumbu ya vidole: kiko wapi sasa, kilikuwa wapi kabla, kinakwenda wapi.

Udongo ndio uliotupeleka kwa Bibi. Hakuwa bibi yangu wa damu, lakini Gungu yote ilimwita hivyo. Tulichukua udongo wa bonde la Luiche, tukafinyanga watu wawili, na kabla ya asubuhi walikuwa wamepasuka mabegani na magotini. Rafiki yangu alisema Ulaya wana udongo wa mafuta usiokauka, lakini hatukujua unatengenezwaje. Tukaenda kwa Bibi kuuliza kama kuna udongo wa aina nyingine. Aliwachukua wale watu waliopasuka, akawatazama, akauliza, “Hawa mnataka niwachome?”

Tukamwambia hapana, tunataka wasikauke kabisa.

“Basi mnawanywesha maji ya nini, wajukuu zangu? Maji ni ya kitu kitakachokauka.”

Siku ya pili alitutuma sokoni tukalete mawese na nta ya nyuki. Aliuanika udongo ukawa mkavu kabisa, akautwanga, akauchekecha kwa kitambaa kama unga wa uji wa mtoto, kisha akaukanda kwa mawese yaliyoyeyushwa pamoja na nta. Alipima kwa kukanda tu, akiongeza nta pale udongo ulipolegea, na mawese pale ulipogoma kukunjika. Ulitoka udongo mwekundu wenye kung’aa kidogo, ulioshika umbo na kukunjika bila kuvunjika hata baada ya wiki kadhaa. Ndani ya vikaragosi tuliweka waya wa shaba uliotolewa kwenye mota iliyoungua, na miguuni misumari midogo ya kuchomeka ubaoni. Ubao wenyewe ulitokana na masanduku ya mizigo ya bandarini, mbao laini ambazo msumari unaingia kwa kidole.

Mwanga ulikuwa juu yangu. Umeme wa Kigoma miaka hiyo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na hata ulipokuwapo ulipanda na kushuka. Jicho halioni sana tofauti hiyo, filamu inaiona yote, na picha zikipangwa mfululizo ukuta mzima unapepesa. Jua nalo linatembea. Kivuli cha saa mbili si kivuli cha saa tatu, na ukipiga picha moja kila baada ya dakika kadhaa, katika sinema vivuli vitakimbia sakafuni kama vinafukuzwa. Nikafikiria karabai. Taa zile zilikuwa za wavuvi wa dagaa, na wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa sababu samaki huifuata taa pale tu panapokuwa hapana mwanga mwingine. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hulala nchi kavu, na karabai hukaa bure. Nilikuwa na mjomba Kibirizi. Kila mbalamwezi alinipa karabai nne, wakati mwingine sita, kwa sharti nirudishe na mafuta.

Kwa hiyo tulifanya kazi yetu usiku wa mbalamwezi, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga wa mwezi usiingie. Kodachrome ile haikuwa na wepesi wa kupokea mwanga, ilizitaka taa zote na zikae karibu. Nilifunga tundu la lenzi lisijirekebishe lenyewe. Nilizipiga pampu karabai zote kwa zamu, kila moja idadi ileile, baada ya kila picha kadhaa, na nilipima mwanga kwa kipimo cha studio kabla ya kufyatua. Chumba kilivuma kwa sauti ya taa. Joto lilikuwa kali. Saa sita usiku vikaragosi vilianza kulegea, mabega yakishuka, kwa sababu mawese na nta havipendi moto. Bibi akaleta mtungi wa maji. Vikaragosi visivyokuwa kazini viliwekwa ndani ya maji ya mtungi, na udongo wa mafuta hauyanywi maji, unapoa tu. Tulikuwa tukibadilishana: mmoja yuko jukwaani anafanya kazi, wenzake wanaoga.

Ziwa lilitushinda kwa muda mrefu. Maji halisi hayakubali picha moja moja, hayakai ulipoyaacha. Tulijaribu kanga ya bluu tukikunja mawimbi kwa vibanio, ikaonekana ni kanga. Tulijaribu nailoni. Rafiki yangu ndiye aliyepata jibu, siku tuliporudisha karabai Kibirizi tukapita kwenye dagaa walioanikwa mchangani. Asubuhi ile jua lilikuwa chini na dagaa walimeta eneo lote, kila mmoja akitupa mwanga upande wake. Tulinunua visado viwili. Tukawapanga mistari kwa mistari juu ya ubao, vichwa upande mmoja, na kila baada ya picha tukasogeza mstari mmoja mbele nusu ya upana wa kidole na mwingine nyuma. Chini ya karabai fedha ile ilipita kutoka mstari hadi mstari. Nimeona filamu nyingi za vikaragosi tangu wakati huo, kutoka nchi zenye kila chombo, na sijaona ziwa zuri kuliko lile. Harufu ilikuwa nzito, na sisimizi walifuata. Mjukuu wa Bibi, mtoto wa darasa la pili, aliajiriwa kwa vitumbua kuwafukuza kwa unyoya wa kuku bila kugusa samaki. Mmoja alimponyoka. Ukitazama vizuri utamwona akivuka ziwa.

Nije kwenye wapagazi, maana ndio moyo wa filamu.

Rafiki yangu na mimi tulipanga kwamba kaseti ya kwanza itumike kuijenga meli, ya pili kuizamisha, ya tatu kuiopoa. Katika kuijenga tulifikiria vipande vitatembea vyenyewe: sanduku linafunguka, bamba linatoka, linapanda mahali pake. Ni jambo rahisi katika kazi hii na linapendeza macho. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza tukipanga. Akauliza, “Na waliobeba?”

Tukamwambia hii ni sinema, vitu vinaweza kwenda vyenyewe.

Akatuambia kwamba baba yake alikuwa kibarua bandarini wakati Wajerumani wanaiunganisha ile meli. Alikuwa kijana, hajaoa. Alibeba kutoka kwenye behewa hadi ufukweni, na baadaye akawekwa kwa mafundi waliokuwa wakipasha ribiti moto mpaka zikawa nyekundu, yeye na wenzake wakizidaka na kuzichomeka. Alikuwa na kovu la ribiti juu ya kifundo cha mkono mpaka alipokufa. Bibi hakusema haya kwa uchungu. Alisema tu kwamba hakuna kipande cha meli ile kilichokwenda chenyewe mahali popote.

Baadaye, nilipokuja kusoma habari za Liemba kwenye vitabu, nilikuta majina ya mafundi watatu wa Kijerumani waliotumwa kutoka Papenburg: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Ni haki yao, kazi waliifanya. Nimewatafuta vibarua wa Kigoma katika kurasa hizohizo, na kila mara ni kundi tu, bila jina hata moja. Bibi hakuwa amesoma kitabu chochote kati ya hivyo. Alijua tu kwamba sinema yetu ingefanya jambo lilelile.

Tukafinyanga wapagazi wanane. Nasi hatukuweza kuwatembeza. Walikuwa wakiteleza, au wakichechemea, na masanduku vichwani yalionekana matupu. Bibi akanitwisha debe la maji akanituma nitembee kutoka mlangoni hadi kwenye mpapai na kurudi. Nikaenda. Akanirudisha tena. Rafiki yangu alikuwa anachora miguu yangu kwenye karatasi.

“Unatazama chini kufanya nini?” Bibi akamwambia. “Tazama debe.”

Debe lilikuwa halipandi wala halishuki. Mtu aliyezoea kubeba kichwani hulipeleka debe sawasawa, na mwili ulio chini yake ndio unaohangaika: goti linakunjika mapema, kiuno kinakwenda upande, shingo imekaza. Usiku ule tulivuta uzi mweusi kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine, nje kidogo ya jicho la kamera, na kila sanduku likapimwa kwa uzi huo. Sanduku lisivuke juu ya uzi wala kushuka chini yake. Kila kitu kingine tulikitafutia nafasi chini ya sanduku. Kikaragosi kilibadilika palepale mkononi. Hata kabla ya filamu kurudi, tulijua kwamba watu wale wamebeba kitu.

Kaseti ya kwanza karibu yote ilikwenda kwa wapagazi. Meli ikapata sekunde chache tu za kuunganishwa, tena mikono ya udongo ikidaka ribiti. Rafiki yangu alisikitika kidogo, kwa sababu alikuwa amechora mpango mzuri wa mabamba. Mimi sikusikitika, na bado sisikitiki.

Kuizamisha kulikuwa kazi ya ufundi, niipite haraka. Chini ya meli tulikata tundu ubaoni, na meli ikasimama juu ya rundo la karata. Karata zilitolewa moja moja. Mwanzo tuliacha karata moja ikae muda mrefu kabla ya ile inayofuata, katikati tukatoa upesi, mwisho polepole tena. Dagaa tukawasogeza wafunike pale ilipokuwa sitaha. Injini tuliipiga picha kwa karibu, mkono mmoja ukiipaka mawese badala ya grisi, na wekundu wa mawese chini ya taa ile ni rangi ambayo sikuweza kuipata tena.

Mei 1997 Mobutu aliangushwa. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likaikodi Liemba kuwarudisha watu kwao, na kwa muda wa miezi mitano meli ilikwenda safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikavusha watu zaidi ya 75,000. Rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Mama yake alikuwa ametuma salamu kwamba nyumba bado imesimama. Tulikuwa hatujaanza kaseti ya tatu. Aliniachia visu vyake vya kuchongea na karatasi za mpango, akapanda meli ileile ambayo wiki iliyotangulia tulikuwa tukiizamisha kwa karata. Nilimsindikiza bandarini. Watu walikuwa wengi, magodoro na sufuria na kuku, na sikuona alipoishia sitahani.

Nilidhani filamu imekwisha hapo. Bibi ndiye aliyekuja kuuliza mbalamwezi ni lini.

Kaseti ya tatu aliicheza yeye. Mimi nilikuwa na taa na kamera, yeye akakaa chini ya ubao kwenye kigoda, akirudisha karata moja moja ili meli ipande. Nilimpa karatasi za mpango nikamsomea. Akasikiliza, akaziweka kando. Akasema meli iliyolala chini miaka minane haiwezi kuinuka kwa moyo mmoja. Akapandisha karata tatu, akarudisha moja chini. Akasubiri, akinitaka nipige picha nyingi bila yeye kusogeza chochote. Akapandisha mbili. Mimi nilikuwa nahesabu filamu inavyokwisha na roho iko juu, lakini vidole vyake havikuwa na haraka wala havikutetemeka, na miaka yote niliyofanya kazi ya picha sijaona mkono unaorudia kipimo kimoja namna ile. Mara moja alitoka chini ya ubao, akatazama dagaa, akawainua wachache kwa ncha ya kidole pale ambapo maji yangevimba kabla mlingoti haujatokea. Hilo hatukuwa tumelifikiria wote wawili.

Nilituma kaseti zote tatu kwa posta mwishoni mwa mwaka. Mvua za El Niño zikaja, reli ya kati ikakatika, na bahasha zilikaa sana njiani. Zilipofika, mwaka uliofuata, niliazima projekta ya padri mmoja mzee, nikatundika shuka jeupe uani kwa Bibi. Walikuja majirani na watoto wote wa mtaa. Rangi ilikuwa ya manjano kidogo kwa sababu ya karabai. Alama za vidole vyetu zilionekana zikitembea juu ya ngozi za wapagazi, mpaka nikadhani wazee watacheka. Hawakucheka. Wapagazi walipotokea, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini alisimama kwenye kiti akaanza kuwasemesha, akiwaelekeza wapite upande gani. Bibi aliomba nirudishe sehemu hiyo. Nikairudisha. Akasema wa nne hajabeba kitu, sanduku lake ni jepesi. Ni kweli. Vijana wa sasa nikiwaonyesha nawauliza ni yupi kati ya wanane asiye na mzigo, na mwenye jicho la kazi hii humtaja bila kurudia mara ya pili.

Agosti 1998 vita vilianza tena upande wa pili wa ziwa, na kwa miaka mingi rafiki yangu alibaki salamu za midomoni kwa wafanyabiashara wa maboti. Tulipoonana, Uvira, wote tuna mvi, nilikuwa na filamu ile kwenye diski. Alitazama kimya hadi meli inaanza kupanda. Ilipopanda na kurudi chini mara ya kwanza, akageuka.

“Huyu si wewe.”

“Si mimi.”

“Ni Bibi?”

Alijua kwa mwendo peke yake. Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Tulizungumza habari zake mpaka usiku, na tukazungumza pia habari za Kibushi, ambaye baada ya ile michoro alihamia kwenye vikaragosi, akatoa Muana Mboka mwaka 1999, kisa cha mtoto wa mitaani wa Kinshasa, kisha Prince Loseno mwaka 2004. Rafiki yangu alizifuatilia zote. Yeye mwenyewe aliishia kuchonga milango na vitanda, na visu vyake nilivirudisha siku ile.

Nimewataja wakubwa hawa kwa vijana wangu, na nawataja hapa. Moustapha Alassane wa Niger, aliyefariki mwaka 2015, alitengeneza filamu ya vyura, Bon voyage, Sim, mwaka 1966, na mwaka 2001 akiwa mtu mzima akatoa Kokoa, wanyama wakipigana mieleka, vikaragosi alivyovisogeza kwa mkono. Ladislas Starewitch alitaka kuwapiga picha mbawakawa wakipigana, nao wakawa wanazubaa chini ya taa za moto, basi akachukua waliokufa akawatia waya badala ya miguu, na mwaka 1912 alikuwa anawachezesha kama waigizaji. Joto la taa na mwili usiotii vilimsumbua yeye kama vilivyotusumbua sisi na mawese yetu. Nikiwaambia vijana habari hizi, wanaacha kusema kwamba wanasubiri kompyuta.

Wengi wao wamekulia kwenye Ubongo Kids, katuni za Dar es Salaam zilizoanza kurushwa mwaka 2014, na ni kazi nzuri, imewafundisha hesabu watoto wengi kuliko nitakavyowahi kuwafundisha mimi. Lakini wanapoanza kazi ya vikaragosi kwa simu, programu huwaonyesha kivuli cha picha iliyopita juu ya hii ya sasa, nao hufuata kivuli kile mpaka mwendo unakuwa laini mno, hauna uzito. Huwa nawaomba wazime kivuli kwa picha mia moja za mwanzo. Kisha nawatwisha debe la maji.

Sasa tumekubaliana kuipa filamu ile sauti na orodha ya majina mwishoni. Majina yamepangwa: Bibi wa kwanza, kama familia yake ilivyoafiki, na baba yake wa pili, maana wapagazi ni wake. Mjukuu wake, yule wa unyoya, siku hizi ni dereva wa basi la Kasulu, na jina lake limo pia. Juu ya sauti tunabishana. Vijana wanataka muziki. Rafiki yangu, kwa simu kutoka Uvira, anasema isikike karabai tu, ule uvumi wake na pampu, kwa sababu ndiyo sauti pekee iliyokuwamo chumbani wakati watu wale wanatembea. Mimi niko upande wake. Tatizo ni kwamba wavuvi wengi siku hizi wana taa za betri na za sola, na karabai nilizozipata hadi sasa zimeoza pampu. Mwenye karabai nzima Kibirizi, Katonga au Ujiji, inayoshika presha, atufahamishe. Mafuta ya taa tutaleta wenyewe, na tutairudisha imejaa.